Libanga ya Watu wa Shimo

Omate, Walikale

Mama Neema, bibi yangu,

Jambo sana. Hapo Kibabi munaamuka aje? Goti yako inakusumbua bado? Mimi niko muzima, nguvu iko, hata vijana wananiogopa. Lakini usingizi inanikimbia. Natembea tu kama mbuzi iliyokata kamba.

Sikia. Huku kuko vijana wanapiga muziki ya makelele: gitare mbili, na bidon ya plastiki pahali pa ngoma. Mukubwa wao ni Furaha, binti mwenye kutwanga mawe; hatukumuzaa, lakini namuita binti yangu. Wanaimba njaa, wanaimba wenye diplome wanaobeba mizigo. Wimbo inaisha hata hujakohoa! Walikuwa wanatengeneza albumu yao ya kwanza. Pédégé, ule tajiri mwenye shimo yetu ya zahabu, akawaletea mashine ya kurekodi. Akasema: "Mutanitupia libanga." Unajua ile desturi: jina ya tajiri inatajwa ndani ya wimbo, anasifiwa.

Furaha akakataa. "Sisi hatusifu mukubwa."

Pédégé akanionyesha kidole: "Basi muzee atafanya. Ao asikanyage tena ku shimo."

Muzee ni mimi! Mimi njo naweka miti ya kushikilia udongo, hakuna fundi kunipita. Na libanga? Ku maarusi ya Masisi yote sauti yangu ilikuwa inafunika hata ya padiri.

Furaha akaninongoneza: "Papa, ukimutaja, usiniite tena binti yako."

Nikasimama ku micro. Pédégé amekaa pale na miwani yake, anangojea jina yake. Nikavuta pumuzi: "Bahati, simba ya Kibabi! Janvier, mukono ya chuma! Musafiri, baba ya mapacha!" Wale wote udongo iliwafunika ndani ya shimo, kule Pédégé alinikatalia miti. Nikawasifu vile tunasifu matajiri. Furaha akapiga bidon mpaka ikapasuka.

Pédégé akabeba mashine yake, akanifukuza kazi. Lakini telefone ya Furaha ilikuwa imeishakamata yote. Sasa wimbo inapita telefone kwa telefone, Omate muzima.

Najua unaningojea kwa kulima. Sirudi kwanza. Kila asubui wamama wanasimama ku mulango: "Papa, mwana wangu alifunikwa pia, hukumutaja." Nitawaacha namna gani? Usinikasirikie.

Nisalimie mudogo wangu katekisti, shemeji muuza maziwa, na Neema binti yetu: mwambie baba yake ni vedeti, nyota ya muziki.

Nakushika mukono,
Papa Neema, bwana yako

Wimbo natuma ku telefone ya Neema. Mupelekee mama ya Bahati, jirani yetu, mukae naye chini asikilize. Mwambie nilianza na mwana wake.