Cheti cha Soja Kilikuwa cha Siku Kumi

Jumatatu, tarehe 19. Mji wa Wote. Mawingu tangu asubuhi, na mvua hakuna.

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, tulipoteza safari ya Mama. Hakuwa mgonjwa, na nauli ilikuwa imelipwa. Safari iliishia mezani kwenye uwanja wa ndege Nairobi, kwa sababu ya cheti cha afya cha mbwa.

Leo nimefungua hardwea kama kawaida. Nimeuza mabati kumi na mawili, halafu nikampa mteja mmoja chenji mara mbili. Miaka kumi na tisa ya biashara, haijawahi kunitokea. Amerudisha mwenyewe. "Mama Hardwea, leo uko wapi?"

Niko uwanja wa ndege bado.

Mama ana miaka sabini na minane na macho yake yamebaki kuona mwanga tu. Anaishi peke yake kijijini Kalamba. Mwaka jana alianguka kwenye mtaro wa matuta ya shamba, akalala humo tangu asubuhi hadi saa tisa. Soja, mbwa wake, alisimama juu ya mtaro akabweka mpaka majirani wakachoka naye, wakaja na mawe wamfukuze. Ndipo wakamwona Mama.

Soja huvaa kengele ya mbuzi shingoni. Mama hufuata mlio wake kwenda chooni, kwenda kwa tangi la maji, na kurudi. Kwa hivyo dada yangu Mwikali, muuguzi huko Botswana, alipomwomba Mama akaishi kwake, Mama alikataa miaka miwili mizima. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: Soja naye aende. Mimi ningewasindikiza.

Sokoni walinicheka. "Mbwa apande ndege na mimi hata pasipoti sina! Mwambie aniletee soda." Niliwaacha wacheke.

Nilimwendea daktari wa mifugo wa hapa, aliye na ruhusa ya kusaini hizo karatasi. Chip ya kuweka chini ya ngozi, 4,000. Chanjo ya kichaa cha mbwa, 1,500. Kibali cha kuingia kule, 3,000. Cheti cha afya, 2,000. Na 8,000 zake "za kufuatilia." Jumla 18,500. Nililipa zote siku moja bila kubishana, mimi ambaye hubishania bei ya misumari.

Sasa niseme na langu, maana hapa kwenye ukurasa wangu sijifichi.

Nilimharakisha daktari. Nikiwa mtoto nilifukuzwa shule kwa karo mara nyingi mpaka nikaapa sitachelewa kulipa kitu tena maishani. Kodi ya duka hulipa kabla mwezi haujaanza. Kwa hivyo nilimpigia daktari simu mara tatu: nataka karatasi zote mkononi wiki mbili kabla ya safari. Akanijibu, "Usijali madam, kwako hakuna kungoja." Tarehe 3 akanikabidhi cheti na mhuri wake. Nikakitia kwenye faili, nikafungia sefu, nikalala vizuri.

Sikukisoma.

Mimi, ninayesoma hata risiti ya mkate, sikusoma ule mstari wa chini.

Pale mezani yule kijana wa kukagua karatasi alisoma kwa nusu dakika. "Mama, hii imelala. Ilikuwa ya siku kumi. Leo ni ya kumi na nne."

Siku nne. Kama ningechelewa kama watu wengine, tungekuwa angani.

Kengele ya Soja tulikuwa tumeivua ili aingie kwenye kreti, na Mama alikuwa ameishika mkononi. Akaniuliza, "Anasema nini?" Kijana akamweleza kwa heshima. Mama akasema, "Turudi. Niliuza maziwa miaka thelathini. Kitu ikilala haiamshwi."

Tangu juzi yuko sebuleni kwangu. Kengele hairudishi shingoni mwa mbwa. Anasema hawezi kuifunga kabla hajajua kama anaenda ama anabaki. Bila hiyo kengele hatoki mlangoni mpaka nimshike mkono, na mchana niko dukani.

Nilimwambia Mama kwamba mwenye makosa ni daktari. Akanikatiza. "Mwiitu wakwa, binti yangu, umemuuliza kama alijua? Kama hakujua, tunamsamehe, afanye tena. Kama alijua akanyamaza, huyo hatamshika Soja wangu."

Sijamuuliza. Nilimpigia kelele tu, naye akaniambia cheti kipya ni 2,000.

Daktari, najua unasoma hapa, maana ulinitania juu ya ile niliyoandika kuhusu bei ya simiti. Pesa sidai. Kuharakisha nilikuharakisha, hilo ni langu. Lakini 8,000 za kufuatilia zilikuwa za kufuatilia nini, kama si tarehe?

Kampuni ya ndege imetushikia tiketi mpaka Alhamisi jioni nichague siku nyingine. Kwa hivyo swali ni moja. Uliposaini tarehe 3, ulijua cheti kitakufa kabla ya tarehe 17? Ndiyo au hapana. Usinieleze habari za ofisi.

Ukisema hapana, njoo umpime Soja, 2,000 yako iko tayari. Ukisema ndiyo, nitampeleka kwa mwingine Machakos, na nitakuheshimu kwa kusema. Ukinyamaza, nitajua ni ndiyo.

Nakupa mpaka Alhamisi, saa sita mchana. Mama ameketi na kengele mkononi, anangoja jibu lako.