Balozi Anamwongoza Mume Wangu

Jumatatu, 5 Juni 1978
Nimerudi kutoka Karatu na akili mpya! Sista wa zahanati kaniambia Ulaya mbwa huongoza vipofu. Hadi barabara wanawavusha! Wetu, Balozi, jina kajipatia mwenyewe — anakula kila boma, kazi hana. Lakini macho ya mume wangu Moloimet trakoma imeyamaliza. Na shemeji Tobiko, mdogo wake, ameitisha wazee Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Eti kipofu hawezi kusimamia ng'ombe, apewe yeye. Huruma iliyoje!

Moloimet anasema akifika kikaoni kwa kushikwa mkono, ng'ombe wamekwenda. Haya Balozi, kazini.

Jumatano, 7 Juni
Nimemfunga Balozi ukanda wa ngozi. Moloimet kaushika kama kashikishwa nyoka. Maisha yake yote mbwa ni wa kurushiwa mawe, leo anaambiwa amfuate! Alipoinama tu, Balozi mbio — kajua jiwe linakuja. Wamenivunjia kibuyu cha maziwa. Hongera zao wote wawili.

Jumanne, 13 Juni
Nikipiga mluzi Balozi anakwenda, nikipiga tena anasimama. Mshahara wake mafuta ya kondoo. Leo wamefika kisimani na kurudi! Moloimet kacheka. Nililia, nikasingizia moshi.

Ijumaa, 16 Juni
Mjinga ni mimi. Mluzi! Kijiji chetu kizima cha Nainokanoka watu wanaswaga ng'ombe kwa mluzi! Jirani yetu Kakuta kapita na ng'ombe wake, kapiga mluzi, Balozi huyo, na mume wangu nyuma. Nimewakuta njia ya Olbalbal. Kakuta anauliza kama nitamlipa kwa kunichungia mzee. Liwalo na liwe.

Jumamosi, 17 Juni
Naandika hapa hapa kikaoni, nje ya zizi la Tobiko.

Moloimet alikuja vizuri, peke yake na Balozi, fimbo begani, wazee wanamtazama. Mara mchungaji wa Tobiko akapiga mluzi kutoa ng'ombe. Balozi akageuka, moja kwa moja zizini, Moloimet nyuma. Wazee wakaangua kicheko. Tobiko ndiyo usiseme: mnaona wenyewe!

Moloimet kasimama katikati ya ng'ombe. Anapapasa pembe moja, imepinda hadi shavuni. Akaita taratibu: Namelok. Ng'ombe akamlamba mkono. Namelok wetu! Yule ambaye Tobiko, akituchungia, alituambia kaliwa na simba kiangazi, na pole tukampa!

Tobiko anasema kafananisha. Moloimet sasa ameshika pembe za ng'ombe mwingine. Hakuna anayecheka. Mzee mmoja kasimama, kaenda kufunga mlango wa zizi, asitoke ng'ombe hata mmoja.