Danson Daktari wa Meno

Zacha, uko? Leo nusura nirudishwe Kenya bila hata sanduku.

Ni Danson wetu wa Michigan, yule anayeuza bangi kwenye duka lenye leseni. Ametuma voice note nikimwendesha bosi hapa Olaya, huku Uarabuni, na simu imeshika spika za gari. Sauti ikajaa gari zima:

“Buda, bangi huku imeshika! Hata mashosho wazee wa kanisa wanapanga foleni ya bangi! Tumefungua duka la tatu la bangi!”

Bangi, bangi, bangi. Natafuta pa kuzima, sipaoni.

Bosi akainama mbele. “Banji?”

Nikaona jela, wallahi.

“Banji... ndugu yako ni daktari wa meno?”

Zacha! Kumbe Waarabu wakisema banji ni ile sindano ya ganzi! Nikamwambia, “Naam, baba. Daktari mkubwa. Ana kliniki tatu.”

Usicheke bado. Bosi ana jino linalomsumbua. Anataka Danson amwangalie kwa video leo jioni.

Danson anakusikia wewe tu. Mwambie avae koti jeupe, ile kofia yenye jani aivue, na tafadhali, asimwandikie mzee dawa anayoijua yeye.