Msimbo wa Gemu la Mbuzi

Kaka yangu Daudi,

Juzi nilipita stesheneri ya Mzee Saidi pale Kasulu, nikasimama mlangoni kidogo. Benchi lako halipo tena. Pamewekwa mashine ya kutolea kopi. Hata hivyo nilikuona, umeinamia ile kompyuta ukiandika gemu lako, nami pembeni nikikutajia tabia za mbuzi wetu wa kijijini Kitanga.

"Huyu mweusi lazima awe mkorofi," nilikuambia.

Ukacheka. "Basi ataingia kwenye maharage ya watu kila siku."

Na kweli, watoto wa mjini walipanga foleni kumfukuza shambani.

Kisha radi ikapiga. Kompyuta ikatoa moshi, na msimbo wote, yale maandishi yako yanayoliendesha gemu, ukapotea. Zilibaki nakala za gemu lenyewe kwenye flashi za watu. Mtu aliweza kulicheza, si kulirekebisha. Ulisema utaliandika upya. Maradhi hayakukupa nafasi.

Miaka ikapita, kompyuta mpya zikaanza kuligomea, mpaka likawa halifunguki popote. Hapo niliogopa. Kaburi lako ninajua lilipo. Hili lingepotea bila hata kaburi.

Nikamwendea Mzee Saidi. "Shikamoo mzee. Ile kompyuta iliyopigwa radi uliitupa?"

"Marahaba. Nitupe kitu cha Daudi? Ipo stoo, chini ya maboksi ya karatasi."

Nikaipeleka Kibondo kwa Neema, fundi anayetengeneza kompyuta za mashirika ya kambi ya wakimbizi ya Nduta. Akatoa diski, hakunificha. "Ikiwaka leo, huenda isiwake tena. Tunanakili kwanza, kutazama baadaye."

Diski ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Nilikuwa nasali kimoyomoyo. Mwishowe Neema akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Haya, mtazame kaka yako."

Ulikuwemo, Daudi. Kila mahali uliacha maneno ya kujikumbusha: "Hapa mbuzi anagoma, sijui kwa nini." "Nina njaa, nitamalizia kesho." Na mwisho kabisa, hatua ambayo hukutuonyesha kamwe: mbuzi wanafika ukingoni mwa mto Malagarasi, wanasimama. Umeandika, "Daraja bado."

Msimbo wako nimeuhifadhi kama ulivyouacha, sikugusa hata herufi. Uko kwangu, uko kwa Neema, na uko mtandaoni kwa yeyote anayetaka kujifunza. Kwenye nakala ya pembeni, Neema akinielekeza, nilijaribu, nikakosea, nikajaribu tena, mpaka gemu likafunguka kwenye kompyuta mpya, nikajenga daraja. Limepinda, ungenicheka.

Jumapili baada ya ibada nilimwita Mama. Akawatazama mbuzi wakivuka mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Akafuta macho kwa kitenge.

"Ego," akasema, yaani ndiyo kwa Kiha chetu. "Sasa wapeleke malishoni. Usiwaache hapo wamesimama."

Basi nakuaga, kaka, kazi inanisubiri. Pumzika salama.

Mdogo wako wa kike,
Esta