Ngaingai za Mama kwenye Bidoni

Cibitoke, Bujumbura
Tarehe 9 Desemba 2001

Mpendwa Yaya Daphrose, dada yangu mkubwa,

Jambo sana kutoka huku kwetu. Hali yako na ya watoto je? Kifua cha mume wako kimepona? Sisi tu wazima, mvua inanyesha, na Mama anakula vizuri kuliko mwaka jana. Barua hii anaibeba Adrien, jirani yetu muuza vitenge. Atashuka kwa meli mpaka Mpulungu, kisha apande basi hadi kwenu Lubumbashi.

Uliuliza Mama analimaje mboga mahali pasipo na shamba. Uwanja wetu ni sementi mpaka mlangoni, na mlimani Gihosha hakuna anayethubutu kwenda kulima, risasi zinatoka huko huko. Basi analima ndani ya vyombo. Tena anaona ni afadhali hivyo, maana siku ya kukimbia mtu hawezi kubeba shamba.

Vyombo amejaribu vya kila aina. Chungu ni kizuri lakini hukauka upesi. Bidoni, yaani dumu la plastiki, iliyokuwa na mazutu ya magari iliua miche yote, hata baada ya kuoshwa kwa sabuni. Zilizofaa ni bidoni za mafuta ya kula, zikikatwa juu na kutobolewa chini kwa msumari wa moto. Anatandika kokoto kwanza, halafu anaziinua bidoni juu ya matofali ili maji yasisimame. Hamissi, fundi wa magari wa hapo nyuma, alimletea na tairi kuukuu. Mama alizikataa, akasema jua litazichemsha na mizizi itaungua.

Udongo ndio uliomsumbua. Ule wa ukingo wa mto Ntahangwa ni mchanga mtupu, maji yanapita tu. Ule mwekundu wanaochimba jirani ukikauka unakuwa tofali. Mwishowe aliuchanganya huo mwekundu na samadi iliyooza na maganda ya mpunga kutoka kwenye mashine ya kukoboa. Anaufinya mkononi: ukishikamana, kisha ukavunjika kwa kuguswa na kidole, ndio wenyewe. Ukinata, anaongeza maganda.

Alipanda ngaingai, ile mboga ya majani ya kwetu, kwa mbegu alizotoka nazo Uvira zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Zikastawi mpaka zikapita ukuta. Hapo mambo yakaharibika.

Unajua jani la ngaingai lilivyogawanyika kama vidole. Mwezi wa kumi askari mmoja wa doria, kijana wa milimani ambaye hajawahi kuiona mboga hiyo, aliliona kutoka barabarani. Akaingia na wenzake.

"Nani analima bangi hapa?"

"Iko mboga tu, afande," mume wangu Anselme alimjibu. "Ngaingai."

"We Mukongomani, unanifundisha bangi?"

Akampiga kofi la sikio. Walikata mimea, wakazipiga bidoni mateke, udongo ukamwagika uwanja mzima, wakaondoka na mume wangu.

Mimi nilisimama tu, Yaya. Mama ndiye aliyeinama akaokota majani. Aliyapika na mawese na ndagala, dagaa wa ziwani, akajitwika sufuria, tukaenda kituoni kwao pamoja na Hamissi, ambaye hata baba yake alizaliwa mjini hapa na watu wanamjua. Mkubwa wao alikuwa na tawi letu mezani.

"Afande, ile uko nayo njo hii," Mama alimwambia, akafunua sufuria. "Kama iko bangi, tutalewa wote."

Akala mbele yao. Hamissi naye akala. Yule mkubwa akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso.

"Iko chachu kama ndimu," alisema. "Mupeni mutu wake."

Anselme alirudi nasi, lakini sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo. Daktari anasema ngozi ya ndani imepasuka. Huenda itafunga, huenda hapana.

Mama aliuzoa udongo ule ule, akapanda upya.

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa kubwa. Askari yule aliyempiga Anselme alikuwa akipita peke yake, akajibanza mlangoni kwetu. Tulikuwa tunakula. Nilidhani Mama angemfukuza.

"Mutoto, ingia. Utalowana," alimwambia, akampakulia.

Alikula ameinamisha kichwa. Alisema anaitwa Melchior, na kwamba mama yake amekimbilia kambini, hajui kambi gani. Anselme aliinuka, akaacha chakula chake, akaenda kusimama nje kwenye mvua mpaka mgeni akaondoka.

Mama anasema kumlisha yule kijana ndilo alilopaswa kufanya. Anselme hajamsemesha Mama tangu siku hiyo. Mimi niliiosha sahani ya yule askari, nikasimama nayo kidogo, kisha nikaiweka pamoja na zetu. Sijui kama nilifanya vizuri.

Nisalimie shemeji, Espoir, na mdogo wake Annick. Hamissi na mke wake Asiya wanakusalimu. Mungu awafunike huko mliko, na atupe siku ya kuonana tukiwa bado tunafahamiana sura.

Mdogo wako asiyekusahau,
Olga