Kitambaa cha Sudi

Jumanne, Machi 1995

Sudi hakukasirika, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jarida la mabaharia limefika leo na makala yangu imo: jinsi nilivyoziba tundu kwa kitambaa, ubao wa mashua ulipopasuka nje ya Kilindini. Niliandika "niliziba". Aliyeziba ni Sudi, fundi wetu wa mashine. Mimi nilishika usukani.

Alasiri nilimkuta barazani kwake, nyuma ya Ngome, keshaisoma mara mbili.

"Umeandika vizuri, ndugu yangu," akasema. "Ila kitambaa kikavu hakizuii maji. Mimi nilikitia grisi kwanza. Hukuniona?"

"Sikukuona."

"Basi waambie. Mtu asije akazama kwa kukufuata wewe."

Kuhusu jina lake hakusema kitu. Akanimiminia kahawa, tukazungumza mengine.

Nimemwandikia mhariri. Habari ya grisi haikunichukua hata dakika tano. Iliyonikalisha hadi Isha ni ile sentensi ya kueleza kwa nini mimi mwenyewe sikuijua.

Huenda wasinichapishe tena. Bahasha nimeshaifunga.