Yule Mwanamke wa Ukutani

Same, 4 Machi 2024

Mama mkubwa Honorata,

Shikamoo. Habari za Mamba? Miguu imepata nafuu? Mimi na tumbo langu tupo, ila daktari amenikataza kutembea na kupanda milima mpaka nijifungue. Kutwa nimelala naangalia bati, na joto la Same unalijua.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatisha: "Tutaongea, Jenifer." Nakumbuka picha iliyochorwa ukutani, kubwa kuliko mtu. Mwanamke mwenye kitambaa cha bluu, ameshika kamba ya ndoo. Mama alininyanyua nikaigusa. Nilipofika miaka minne akafariki, na hatuna picha yake hata moja. Nimeanza kuamini yule mwanamke ni yeye. Iko wapi? Aliichora nani? Nisipojua kabla ya kujifungua, sitatulia.

Mwanao,
Jenifer

Mamba, 15 Machi 2024

Mwanangu Jenifer,

Marahaba. Miguu ni ile ile, inanifikisha shambani. Nakukatisha kwa sababu ukimtaja mama yako, mdogo wangu Eliwaza, naanza kulia.

Hukuota. Picha ilikuwa kwenye kanisa letu la zamani. Tulipopata jipya, lile likawa ghala la tangawizi la kikundi cha wakulima, na ukuta ukapakwa chokaa. Aliyechora ni fundi Aminieli, siku hizi yuko Gonja. Kama uso ulikuwa wa mama yako, sikumbuki. Nitamtafuta. Wewe lala.

Mama yako mkubwa,
Honorata

Same, 26 Machi 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Umempata? Nimeandika barua nikachana, nimeandika nyingine nikachana. Presha imepanda, daktari anauliza nina mawazo gani, nitamwambia ni picha? Jana nimeota amegeuka kunitazama, uso mweupe kama chokaa. Chokaa inakwanguka, mama. Tafadhali nenda.

Mwanao,
Jenifer

Mamba, 9 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Presha imeshuka? Soma hii ukiwa umelala.

Nilimkuta fundi Wilbard ghalani anachanganya saruji. Kikundi kimeamua ukuta upigwe plasta. Nikakaa chini mbele yake.

"Mama, nipishe nifanye kazi."

"Nipige plasta na mimi humu humu."

Akacheka. Nilipomweleza, akaacha saruji, akachukua mwiko tukakwangua pamoja. Kitambaa cha bluu kikatokea, kisha uso, mzima kabisa. Jenifer, si Eliwaza. Yule mwanamke simjui.

Sikutaka kukuandikia hivyo tu, nikashuka Gonja. Mzee Aminieli haoni vizuri, ila aliposikia jina la Eliwaza alicheka mpaka akakohoa. "Ni yule Msamaria kisimani," akasema. "Uso niliutoa kwenye kalenda. Mikono ndiyo ya Eliwaza. Alikuwa akiniletea maji ya rangi, nikamwomba asimame ashike kamba. Nilimchelewesha, akanitukana kwa Chasu, lugha yetu, mbele ya madhabahu!"

Wilbard alipiga picha kwa simu, tumeisafisha dukani. Imo humu kwenye bahasha. Ukuta ule amekataa kuugusa.

Mama yako mkubwa,
Honorata

Same, 30 Aprili 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimejifungua salama kwa upasuaji, mtoto wa kike, ana sauti ya kuamsha wodi nzima.

Bahasha yako ilinikuta hospitali. Nilikasirika, nikaisukuma chini ya mto. Miaka yote nimempenda mtu wa kalenda! Sikutaka hata kukujibu.

Jana nikaitoa tena. Nikaufunika uso kwa kiganja, nikaangalia mikono peke yake. Vidole vifupi, vinene, mishipa imesimama. Ameikaza ile kamba kama mtu anayetaka kuondoka na hajaruhusiwa. Nililia, muuguzi akadhani kidonda kinauma.

Tukiruhusiwa tutapanda huko, mimi na mwanangu. Lakini siwezi kusubiri mpaka hapo, kwa hiyo nakutuma tena Gonja, unisamehe kwa miguu yako. Mwulize mzee Aminieli mama alimtukana nini hasa. Niandikie neno kwa neno, usilipunguze kwa ajili ya kanisa. Sauti yake siikumbuki, nataka nimsikie akisema kitu.

Mwanao,
Jenifer